Matembezi ya Vita vya Tanga vya 1914: yana faida, ila yaanzie Ras Kasone

Anayetaka kuelewa jinsi afisa mkuu wa jeshi anavyopanda au anavyoanguka hana haja ya kutafuta mbali. Kati ya Ras Kasone na stesheni ya zamani ya reli, mwendo wa kama kilomita 3, makamanda wawili walipambana kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala nchi hii wakati huo, alitoka hapo na sifa iliyombeba mpaka uzeeni. Meja Jenerali Arthur Aitken, kamanda wa Waingereza waliovamia kutoka baharini, alishushwa cheo mpaka kanali na hakukabidhiwa tena jeshi la kuongoza. Waongozaji wa kujitegemea wa mjini huwatembeza wageni katika njia hiyo kwa nusu siku, na matembezi hayo ndiyo tunayoyapima hapa: yana nini, yanakosea wapi, na yaagizwe vipi ili pesa isipotee bure.

Tatizo kubwa liko kwenye mpangilio. Kwa kawaida mnaanzia Makumbusho ya Urithi katika Boma la zamani, mnapita bustani ya Jamhuri penye mnara wa saa, mnakwenda makaburini, kisha mnamalizia Ras Kasone kwa upepo wa bahari na samaki wa kukaanga. Kwa mtu wa picha, hakuna ubaya. Kwa mtu wa historia, njia hiyo iko kichwa chini miguu juu. Wavamizi walitoka baharini wakaja mjini. Ukianzia mjini, unasimulia vita kutoka kwenye matokeo kurudi nyuma, na ukifika ufukweni jua limeshapanda na hakuna anayesikiliza. Mwambie mwongozaji tangu mnapopatana: mnaanza Ras Kasone saa 1 asubuhi, mnaingia mjini kwa miguu, makaburi yanafuata, na makumbusho yanakuwa ya mwisho, mkiwa kivulini wakati wa jua la saa 5.

Kisha angalia maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Tanga hupita mita 3, na asubuhi yote maji yanatoka mpaka yanafika mwisho mnamo saa 4. Siku hizo ndizo za kuchagua. Bahari ikirudi nyuma unaona matope, mikoko na mawe ya matumbawe chini ya ukingo, na papo hapo unaelewa kwa nini kuteremsha maelfu ya watu hapa usiku, na mizigo yao mabegani, lilikuwa jambo la hatari. Maji yakiwa yamejaa unaona mandhari nzuri tu. Vaa viatu vya kufunga; kandambili zinabaki kwenye tope na matumbawe yanakata. Beba maji lita 1 na nusu kwa kila mtu, na ukija Novemba, mwezi wenyewe wa vita, jiandae kwa mvua za vuli.

Hapo juu ya ukingo ndipo mwongozaji anapaswa kutumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na wengi wao hupapita kwa dakika 10. Wadai zaidi. Jeshi la Aitken, karibu watu 8,000, liliondoka Bombay katikati ya Oktoba 1914 katika meli zilizosongamana. Wengi walikuwa Wahindi, wakiwemo askari wa Kashmir na Gwalior, pamoja na batalioni ya Waingereza ya Loyal North Lancashire. Walikaa melini zaidi ya wiki mbili. Vikosi vingine vilikuwa vimekabidhiwa bunduki mpya muda mfupi tu kabla ya safari. Aitken aliletewa msaada wa King's African Rifles, askari walioijua nchi hii na namna yake ya kupigana, akaukataa. Mizinga yake ya milimani ikabaki kwenye sitaha ya meli ikifyatua kutoka huko, bila mtu wa kuona vizuri inakopiga. Hayo yote yalikuwa maamuzi ya mtu mmoja mwenye nyota begani, na yalifanyika kabla hata risasi ya kwanza haijalia.

Na kulikuwa na kosa la saa. Tarehe 2 Novemba meli ya kivita HMS Fox ilitangulia. Nahodha wake, Caulfeild, akamtaka mkuu wa wilaya, Auracher, asalimishe mji, akampa saa moja. Auracher akaomba kuwasiliana na wakubwa wake, habari ikapelekwa kwa simu, naye akavaa sare akajiunga na askari. Fox ikapoteza muda mwingine kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo bandarini. Muda huohuo, Lettow-Vorbeck alikuwa akiwapakia askari wake kwenye mabehewa upande wa Moshi. Reli ya Usambara, kilomita 352 kutoka Tanga hadi Moshi, ndiyo iliyofidia uchache wao. Mwongozaji asipoitaja reli, kusanya vitu vyako, maana hajui vita anavyovisimulia.

Kutoka ukingoni, njia ya miguu inaelekea magharibi kwenye eneo ambalo leo lina nyumba, hoteli na miembe, na ambalo mwaka 1914 lilikuwa mashamba na vichaka. Ni vigumu kuiona picha ya zamani, kwa hiyo mwombe mwongozaji asimame pale ambapo huoni zaidi ya mita 50 mbele yako. Hapo ndipo panapofundisha. Asubuhi ya tarehe 3, vikosi vya kwanza vilivyoshuka, Rajputs wa 13 na Pioneers wa 61, batalioni mbili za Wahindi chini ya Brigedia Jenerali Tighe, vilipenya humu kuelekea mjini na vikarudishwa kwa hasara kubwa na kikosi kidogo kilichokuwa kimejibanza. Aitken akasubiri wote washuke, na saa 6 mchana wa tarehe 4, jua la utosi, akalisukuma jeshi zima mbele kwa mstari mmoja mpana. Watu wenye kiu, wasiowaona wenzao wa kulia wala wa kushoto, walitakiwa kushika mstari ndani ya pori.

Mnapokaribia mji mnafika kwenye njia ya reli inayoteremka bandarini. Mwaka 1914 mkato wake ulikuwa handaki lililochimbwa tayari upande wa mashariki wa mji. Kampuni za Wajerumani zilijipanga kwenye mstari huo na kwenye nyumba za nyuma yake. Huna haja ya kushuka relini, wala usishuke. Simama pembeni, uangalie nyuma kule mlikotoka. Mtu mwenye bombomu hapo anawaona wanaotoka kichakani kabla wao hawajamwona. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Kwa silaha hiyo, kupigana uwanjani kungekuwa maangamizi. Waliojificha nyuma ya ukingo walikuwa na nafuu.

Sasa tufike kwa Lettow-Vorbeck mwenyewe, maana hapa ndipo huduma inapolegea kabisa. Waongozaji wengi humwita "Jenerali" tangu mwanzo wa safari. Tanga hakuwa jenerali. Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870 katika ukoo wa maafisa, akapita ofisi za makao makuu ya jeshi, akaenda China mwaka 1900 wakati wa vita vya Boxer, kisha mwaka 1904 hadi 1906 akawa Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, Namibia ya leo, chini ya Jenerali von Trotha. Huko Waherero waliangamizwa, na huko ndiko alikojifunza kupigana porini na kujeruhiwa jicho. Kuanzia 1909 aliongoza batalioni ya askari wa majini huko Wilhelmshaven. Alifika Afrika Mashariki Januari 1914 akiwa na cheo cha luteni kanali, miezi 10 tu kabla ya Tanga. Miezi hiyo aliitumia kutembelea vituo na kukagua kampuni zake. Matembezi yanayoruka sehemu hii yanamfanya mgeni aamini kwamba ushindi uliangukia mikononi mwa mtu mwenye bahati.

Kinachorukwa pia ni ugomvi wake na Gavana Heinrich Schnee. Gavana hakutaka miji ya pwani ipiganiwe, na koloni lilikuwa la kwake kiutawala. Luteni kanali akaenda kinyume chake. Angeshindwa Tanga, leo jina lake lingekuwa mstari mmoja katika kumbukumbu za nidhamu. Afisa yeyote aliyepita chuo cha jeshi anajua uzito wa uamuzi huo, na vijana wanaotembezwa hapa wanastahili kuusikia kwa kirefu kuliko hadithi ya nyuki tutakayoifikia mbele.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 alifika Tanga, akachukua baiskeli, akapita mitaa mitupu kuelekea bandarini kutazama meli za adui kwa macho yake. Kamanda wa kikosi chote alikwenda mwenyewe. Mwongozaji mmoja mmoja hutoa sehemu hii kwa baiskeli, na katika mji huu wa baiskeli ni wazo la maana: mnakodi, mnapita kati ya stesheni na ukingo wa bandari, mnasimama pale meli zinapoonekana. Ukipata anayefanya hivyo, mchague yeye. Hakikisha tu breki zinashika na mnyororo haujalegea, maana barabara ya ukingoni ina mteremko.

Alasiri ya tarehe 4 ieleweke hatua kwa hatua. Upande wa bahari, Loyal North Lancashire na Wakashmiri waliingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba mpaka jengo la forodha na hoteli ya Deutscher Kaiser, ambako bendera ya Kijerumani iliteremshwa. Upande wa kusini, batalioni ya 63 ya Wahindi ikavunjika na pengo likafunguka. Lettow-Vorbeck alikuwa ameweka kando Kampuni ya 13, na hakuitumia mapema. Mstari wa Waingereza ulipopinda na ubavu wao wa kusini kubaki wazi, akaitupa kampuni hiyo na bombomu zake ubavuni. Muda mfupi baadaye mstari wote ukarudi nyuma mbio. Askari wa akiba waliotunzwa mpaka saa yao, kwa jeshi la watu 1,000 hivi dhidi ya 8,000, ndio walioamua siku. Mwongozaji mzuri huchora jambo hili mchangani kwa kijiti: mstari mrefu, ubavu wazi, kijiti kifupi kikiingia kutoka chini. Dakika 3 zinatosha, na mtoto wa darasa la tano anaelewa.

Usiku wake una sehemu inayostahili kituo chake. Baragumu lilipigwa, kampuni za Kijerumani zikaelewa vibaya, zikaondoka mjini kurudi kambini magharibi. Kwa saa kadhaa Tanga ilikuwa karibu tupu, na Aitken, aliyekuwa na maelfu ya watu ufukweni, hakujua. Hakuwa ametuma doria ya kutosha kuangalia. Lettow-Vorbeck aligundua kosa na kuwarudisha watu wake kabla adui hajashtuka. Asubuhi ya tarehe 5 Aitken akaamuru warudi melini, wakiacha nyuma bunduki zaidi ya 400, bombomu na risasi 600,000. Silaha hizo zikawavisha kampuni nzima za Wajerumani bunduki za kisasa. Hasara ya Waingereza ilikuwa 360 waliouawa na 487 waliojeruhiwa.

Kuhusu nyuki: ndiyo, walikuwepo. Mizinga ya magogo ilining'inizwa mitini, risasi zikaivuruga, na nyuki wakaishambulia batalioni ya 98 ya Wahindi. Lakini waliwauma pia wapiga bombomu wa Kijerumani. Hakuna aliyewafundisha wala kuwatega. Mwongozaji anayekuambia kwamba Wajerumani walifunga kamba kwenye mizinga anakuuzia uvumi uliotungwa na walioshindwa. Mkatishe kwa adabu, mwombe aendelee na mengine. Na kama mnapita chini ya miti yenye mizinga hata leo, msipige kelele wala msijipake manukato.

Upungufu unaoumiza zaidi ni askari wenyewe. Kikosi kilichoshinda kiliundwa kwa wingi na Waafrika, na baadhi ya vyeo vyao vilitoka Misri na Uturuki kupitia Wasudani wa kwanza walioajiriwa: ombasha, shaushi, beshaushi, sol, na juu kabisa efendi. Mwafrika hakuvuka hapo. Efendi wa miaka 20 kazini alikuwa chini ya Mjerumani mgeni aliyeshuka melini jana, na tunapozungumzia kupanda cheo jeshini, ukweli huo hauwezi kuachwa. Uliza swali hili waziwazi: askari wa Tanga walitoka wapi, walilipwa nini, nani aliwabebea risasi? Mwongozaji aliyesoma atakujibu kuhusu Wanyamwezi, Wasukuma na Wasudani waliokuwa jeshini, na kuhusu wapagazi ambao bila wao kampuni isingesogea hata siku moja. Asiyesoma atarudi kwenye nyuki.

Makaburini, nenda kwa utulivu. Kuna makaburi ya Wajerumani, na kuna makaburi ya Jumuiya ya Madola, ambako Wahindi wengi wamelala katika kaburi la pamoja. Mwangalizi akiwepo, msalimie kwanza, "Shikamoo mzee," kisha mweleze mnakotoka. Atawafungulia na mara nyingi atajua zaidi ya aliyewaleta. Tafuta habari za Kapteni Tom von Prince. Watu walimwita Bwana Sakarani. Alipigana na Wahehe wa Mkwawa miaka ya 1890, akastaafu akawa mlowezi Usambara, akarudi jeshini Agosti 1914 na kuikamata Taveta, akauawa Tanga tarehe 4 Novemba. Maisha yake yanaonyesha upande wa pili wa utumishi wa afisa wa kikoloni: kwanza mtutu, kisha shamba.

Makumbusho yawe mwisho kwa sababu hapo tayari mna maswali. Picha za zamani za mji zinakuwa na maana mkishapita mitaa yenyewe. Saa moja inatosha.

Kuna jambo moja ambalo waongozaji karibu wote wanalisema, nalo ni kwamba Lettow-Vorbeck hakushindwa kamwe. Usilibebe kurudi nalo nyumbani. Mwezi Januari 1915 alishinda Jasin, karibu na mpaka wa Kenya, na ushindi ule ulimgharimu maafisa wengi na risasi nyingi kiasi kwamba alihesabu akaona anaweza kupigana vita vitatu tu zaidi vya namna ile. Kuanzia hapo akabadili mbinu: kushambulia reli, kurudi nyuma, kumchosha adui. Mwaka 1916 alipoteza Moshi, Tanga yenyewe na reli zote mbili. Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Jeshi lake lilikula chakula cha vijiji lilimopita, na njaa iliyofuata haikuwekewa mnara. Aliporudi Ujerumani akawa Meja Jenerali wa kushangiliwa Berlin, akajiingiza katika jaribio la kupindua serikali la 1920, akalazimika kuacha jeshi. Alikufa mwaka 1964, na mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai malimbikizo yao.

Mambo ya kupatana kabla ya kuanza: bei iwe ya kikundi badala ya kila kichwa, na mtu 1 hadi 5 walipe kiasi kilekile, bajaji ya kuwarudisha iwe ndani au nje ya bei, isemwe, kiingilio cha makumbusho kiulizwe peke yake, na muda uwe saa 5, kwa sababu matembezi ya saa 2 yanaishia kwenye nyuki. Lipa nusu mwanzo, nusu mwisho. Usipige picha bandarini, hospitali ya Bombo, wala penye mlinzi mwenye sare. Hapo mwongozaji hataweza kukusaidia.

Walimu wa sekondari na vijana waliotoka JKT ndio watakaonufaika zaidi. Watoto wadogo watachoka baada ya mkato wa reli. Anayetaka Jasin aipange siku yake peke yake, kwa gari la kukodi, na aondoke Tanga mapema, maana barabara ya mpakani hujaa malori.